Merikani: Jora la Nguo na Viwanda vya Massachusetts

Mswahili akitaja merikani hafikirii nchi, hufikiria nguo: ile pamba nzito, isiyopaushwa wala kutiwa rangi, ya kushonea foronya, mfuko wa unga, kanzu ya kazini. Neno limekaa katika kamusi zetu kwa herufi ndogo na limesahau kwao. Wala kwao hakukuwa Marekani nzima. Nguo hiyo ilitoka hasa katika jimbo moja dogo la kaskazini mashariki, Massachusetts, ambalo eneo lake linakaribiana na Mkoa wa Tanga.

Nimekuwa nikisomesha historia ya uchumi kwa miaka kadhaa, na kila muhula wanafunzi hunitajia bila kusita mambo ambayo jimbo hilo huishi kwayo leo: hospitali, vyuo vikuu, dawa, vyombo vya tiba, programu za kompyuta, fedha za watu wengine. Orodha ni sahihi. Upungufu wake ni kwamba huanzia ghorofa ya tatu, kana kwamba nyumba haina msingi. Msingi wenyewe ni pamba, na mmoja wa wateja walioubeba alikuwa akikaa Unguja, Bagamoyo, Tabora na Ujiji.

Mwaka 1810 mfanyabiashara wa Boston aitwaye Francis Cabot Lowell alikwenda Uingereza, akakaa kama miaka miwili, akatembelea viwanda vya nguo. Waingereza walikuwa wamekataza kabisa kutoa nje mashine zao au michoro yake. Lowell hakutoa mchoro. Alitoa kichwa chake. Aliporudi alishirikiana na fundi Paul Moody wakaunda upya mtambo wa kufumia, na kiwanda chao cha Waltham, kilichoanza kazi katikati ya muongo ule, kilikusanya kazi zote chini ya paa moja: pamba iliingia ikiwa marobota, ikatoka ikiwa nguo. Leo tungeuita wizi wa ujuzi. Nalitaja hili kwa sababu nchi zetu hufundishwa sana kuheshimu hakimiliki na mataifa ambayo utajiri wao wa kwanza ulipatikana hivyo.

Lowell alifariki 1817. Wenzake walitafuta maji yenye nguvu zaidi, wakayapata penye maporomoko ya Pawtucket, ambapo mto Merrimack hushuka kama mita 10. Wakachimba mifereji, wakajenga viwanda kando yake, wakaupa mji jina la marehemu. Mwaka 1826 mji wa Lowell ulikuwa na watu wapatao 2,500. Kufikia 1840 walizidi 20,000. Wafanyakazi wake, kama robo tatu, walikuwa wasichana wa mashambani, wakilala katika nyumba za kampuni, wakiamshwa kwa kengele ya kampuni, wakifanya kazi saa zipatazo 73 kwa wiki. Ujira ulipotaka kupunguzwa mwaka 1834 waligoma. Walipopandishiwa gharama za malazi mwaka 1836 wakagoma tena. Mwaka 1845 mmoja wao, Sarah Bagley, aliongoza chama cha wanawake kudai siku ya kazi ya saa kumi, na Bunge la jimbo likawasikiliza bila kuwapa kitu. Sheria ya saa kumi kwa wanawake ilikuja 1874, baada ya karibu miaka 30.

Na pamba? Haikulimwa Massachusetts, kwenye theluji. Ilitoka majimbo ya kusini, ikichumwa na watumwa. Seneta wa baadaye Charles Sumner, mwana wa Boston, alisema wazi mwaka 1848 kwamba mabwana wa mjeledi na mabwana wa kitanda cha mfumi walikuwa wamefunga ndoa isiyo takatifu. Kuna jambo moja ambalo kila nilifikiripo hunirudisha kwetu. Sehemu ya nguo nzito za viwanda vile iliuzwa kusini kuwavalisha watumwa walewale waliochuma pamba, nao waliiita kwa jina la mji ilikotoka, Lowell. Wakati huohuo katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba watumwa walikuwa wakivaa nguo ya namna hiyohiyo, wakiiita merikani. Huku jina la mji, kule jina la nchi. Watu hao hawakupata kujuana.

Iliyounganisha pande hizo mbili ilikuwa bandari ya Salem, kaskazini kidogo ya Boston. Meli zake zilikuwa zimeanza kufika Unguja katika miaka ya 1820. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa jimbo jirani la New Hampshire, alifika kisiwani 1828, akachukizwa na jinsi maofisa wa Seyyid Said bin Sultan walivyoishika biashara, akaenda kulalamika Washington. Alirudi akiwa mjumbe wa serikali, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini Maskati: Mmarekani angelipa ushuru wa asilimia 5 kwa shehena aliyoiteremsha, na angefanya biashara popote, isipokuwa silaha na baruti, ambazo Unguja zingeuzwa kwa serikali tu. Uingereza yenyewe ilipata mkataba wake 1839. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard P. Waters wa Salem, aliwasili 1837, miaka minne kabla ya Hamerton wa Uingereza.

Waters alikuwa mtu wa dini na mpinga utumwa, na shajara yake yaonyesha huzuni aliyoipata kuwaona watumwa wakiteremshwa gatini. Huzuni hiyo haikumzuia kufanya kazi katika mji ambao kila jora lilibebwa na mchukuzi ambaye bwana wake ndiye aliyepokea ujira. Wala dini yake haikumzuia kuelewana na Jairam Shivji, Banyani aliyekodi forodha ya Seyyid, hata wawili hao wakawabana wafanyabiashara wengine kwa muda mrefu. Simhukumu zaidi ya wengine. Nasema tu kwamba vitabu vya Kimarekani humwita mwanzilishi wa biashara ile, ilhali Jairam alikuwako kabla yake na alibaki baada yake.

Sasa tuje kwenye biashara yenyewe. Merikani ilishinda nguo za Kutch na Surat kwa kuwa ilikuwa nzito, imara, na haikujazwa wanga mwingi wa kudanganya macho. Katika miaka ya 1840 ndiyo iliyotawala soko. Bara haikuwa vazi pekee, ilikuwa fedha. Shuka ilihesabiwa mikono minne, doti mikono minane, jora yadi 30. Msafara ulilipa hongo kwa doti, ukanunua chakula kwa mikono, ukapima pembe kwa frasila na thamani yake kwa majora. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe akiwa na mzigo wa merikani begani alikuwa amebeba sarafu. Na sarafu hiyo ilikuwa na masharti. Mtemi aliijua iliyo halisi kwa kuishika. Upana usiofaa ulikataliwa, chapa isiyojulikana ilikataliwa, na mfanyabiashara aliyeleta nguo nyepesi alirudi nayo pwani. Barua za Salem zimejaa maagizo ya namna hiyo kwa wenye viwanda: upana huu, uzito huu, si mwingine.

Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha 2008, amelitumia jambo hili kudai kwamba walaji wa Afrika Mashariki walisaidia kuviunda viwanda vya mbali, vya Salem na baadaye vya Bombay. Namshukuru kwa hilo, maana kabla yake tulisimuliwa kama watu waliopewa tu, mara shanga, mara nguo, mara bunduki. Kampuni ya Naumkeag, iliyojenga kiwanda cha nguo cha mvuke palepale Salem mwaka 1847, haieleweki vizuri bila wateja wa Unguja. Lakini namfuata nusu ya njia. Uwezo wa kuchagua nguo ni uwezo, ila haukumfanya mtu kuwa mfumaji. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika habari za nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Wachimbuaji wa Kilwa wamekuta vigurudumu vya kusokotea nyuzi. Ufipa walifuma pamba yao. Kazi hizo zote zilibanwa na jora la bei rahisi, na pale zilipobaki, kama Banadiri, zilibaki kwa jasho kubwa. Mtemi aliyejua kuikataa merikani mbovu hakuwa tena na mfumaji wa kumwagizia nzuri.

Salem ilichukua nini badala yake? Pembe, karafuu, ngozi, na sandarusi. Hii ya mwisho vijana wetu hawaijui tena. Ni utomvu wa kale uliochimbwa Mrima, ukaenda Salem ukiwa na ganda la mchanga, ukaoshwa huko kiwandani na kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Makabati na magari ya farasi ya matajiri wa Boston yaling'aa kwa sandarusi ya Wazaramo. Pembe nazo zilikwenda zaidi jimbo jirani la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibao vya piano, na piano nyingine ziliundwa Boston kwa Chickering. Binti wa Boston alipojifunza kupiga piano, vidole vyake vilitua juu ya ndovu wa Unyamwezi. Wageni, ieleweke, hawakuruhusiwa kununua pembe na sandarusi moja kwa moja Mrima. Ilibidi wazingoje Unguja kwa bei ya Unguja. Huo nao ulikuwa uwezo, na Seyyid aliujua.

Aliujua kiasi cha kujaribu kuvuka bahari mwenyewe. Tarehe 30 Aprili 1840 meli yake Sultana ilitia nanga New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman al-Kaabi, ikiwa na pembe, karafuu, kahawa, tende na mazulia, pamoja na zawadi kwa Rais Van Buren. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad, na picha hiyo imehifadhiwa hata leo. Serikali ya Marekani iliikarabati meli, nayo ikarudi mwezi Agosti na shehena iliyokuwamo merikani tele. Haikurudi tena. Wasomaji wetu wa Maskati hupenda kuikumbuka safari hiyo kwa fahari, na wana haki. Mimi hujiuliza zaidi kwa nini ilikuwa moja. Jibu langu ni kwamba wenye Salem walikuwa na viwanda nyuma ya meli zao, na Seyyid alikuwa na forodha nyuma ya yake. Forodha hukusanya kinachopita. Haizalishi kingine kinapokoma kupita.

Kilikoma 1861. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwakatia viwanda pamba ya kusini, bei ya merikani ikapaa, na soko la Unguja, lisilokuwa na subira ya kungojea vita vya watu, likageukia nguo za Uingereza na za Bombay. Vita vilipokwisha Wamarekani walirudi, lakini Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na mwaka 1870 meli iitwayo Glide iliingia Salem ikiwa ya mwisho kutoka Unguja. Nguo ya Bombay ikauzwa pwani kwa jina la merikani, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walioachwa huru waliivua polepole, wakiiacha pamoja na kaniki kuwa alama ya utumwa, wakavaa kanga.

Massachusetts haikufa kwa kuikosa Unguja. Soko letu lilikuwa kubwa kwa Salem, si kwa jimbo lote, na hapa naona wenzangu wengine hutia chumvi. Viatu vya Lynn viliendelea. Kazi ngumu huko ilikuwa kuvutia ngozi juu ya kalibu na kuifunga kwenye soli. Fundi hodari alifanya jozi 50 kwa siku. Aliyeitatua alikuwa Jan Ernst Matzeliger, kijana mweusi aliyezaliwa Suriname mwaka 1852, ambaye mtambo wake wa 1883 ulifanya jozi mia kadhaa. Alifariki akiwa na miaka 36, na utajiri wa mtambo ule ukabaki kwa wenye mitaji. Lawrence, mto uleule wa Merrimack chini ya Lowell, kulikuwa na sufu na pamba, na mwaka 1912 wahamiaji wa mataifa mengi, zaidi ya 20,000, waligoma baada ya sheria kuwapunguzia saa za kazi kutoka 56 hadi 54 kwa wiki na waajiri kuwapunguzia ujira kwa kiasi hichohicho. Walishinda.

Ushindi haukudumu, maana mwenye kiwanda alikuwa na jibu jingine: kuhama. Tangu miaka ya 1920 mitambo ilikwenda majimbo ya kusini, karibu na pamba na mbali na vyama vya wafanyakazi. Kiwanda cha Naumkeag kiliungua katika moto mkubwa wa Salem wa 1914, uliomaliza majengo zaidi ya 1,300. Kilijengwa upya, na mwaka 1953 kikafungwa, kazi zake zikahamia South Carolina. Tangu hapo nguo imeendelea kuhama, Honduras, China, Bangladesh.

Sisi nasi tulipata zamu fupi. Tanzania ilifungua Urafiki, Dar es Salaam, mwaka 1968 kwa msaada wa China, Kenya ikawa na Rivatex ya Eldoret, na kwa muda pamba yetu ilifumwa kwetu. Kisha mlango wa soko ukafunguliwa, yakaingia marobota ya mitumba, mengi yakitokana na nguo ambazo Wamarekani huziweka katika masanduku ya sadaka. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuyapunguza hadi kuyamaliza, Marekani ilitishia kuziondolea nafuu ya ushuru ya AGOA. Nyingine zikalegea. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Anayesoma mkataba wa 1833 na barua za 2018 kwa siku moja hahitaji kufafanuliwa sana.

Kilichofuata Massachusetts baada ya viwanda vya nguo ndicho wachumi wetu hukipenda, nacho kweli kina la kufundisha. Majengo matupu ya matofali yalipata wapangaji wapya. Mwaka 1957 kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment ilianza katika kiwanda kikuukuu cha sufu mjini Maynard, na ikakua hadi kuajiri watu zaidi ya 100,000 duniani. Lowell ilipata Kampuni ya Wang. Lakini Wang ilifilisika 1992, na Digital ikanunuliwa 1998. Watu husimulia kana kwamba jimbo lile lilivuka kutoka pamba hadi dawa kwa daraja moja, lakini kati yake mna miaka ya mitaa mitupu, na Lowell iliionja mara mbili.

Dawa zilianzia mahali pasipotarajiwa: katika baraza la mji. Mwaka 1976 Meya Alfred Vellucci wa Cambridge aliwatilia shaka wanasayansi wa Harvard na MIT waliotaka kuchezea vinasaba, utafiti ukasimamishwa kwa miezi, na 1977 baraza likapitisha sheria ya kuusimamia. Kampuni zilizotazamiwa kukimbia zilikuja, kwa sababu penye sheria iliyo wazi mtaji hulala usingizi. Biogen ilihamia Cambridge 1982, na Moderna ikaanzishwa huko 2010. Novartis iliweka makao ya utafiti wake katika jengo lililokuwa kiwanda cha peremende. Leo vyombo vya tiba, mitambo ya kutengenezea vijiti vya kompyuta na dawa ni miongoni mwa bidhaa kubwa ambazo jimbo huziuza nje, na New Bedford, mji uliowahi kuangaza dunia kwa mafuta ya nyangumi, sasa huongoza bandari za uvuvi za Marekani kwa thamani ya mavuno, hasa kwa kombe.

Mwajiri binafsi mkubwa kuliko wote ni mtandao wa hospitali, Mass General Brigham, wenye wafanyakazi zaidi ya 80,000. Hospitali yake ya kwanza ilianzishwa 1811, wakati Lowell alipokuwa akizunguka viwandani Uingereza. Na hapa historia inaturudisha tena, safari hii kwa miili yetu. Wakenya wamejaa Lowell, Lynn na Worcester. Wamefuatwa na wakimbizi wa Kongo, na katika maduka na makanisa ya miji hiyo Kiswahili husikika pasipo mtu kugeuka. Wengi wao huanza kazi katika nyumba za kutunzia wazee, wakiwa wasaidizi wa wauguzi: kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumlisha, kumsikiliza. Wamo walimu na wahasibu waliosoma kwao, ambao vyeti vyao vilisimama uwanja wa ndege. Katika orodha ya ajira wanahesabiwa chini ya neno afya, sambamba na mtaalamu wa upasuaji na mwenye hisa za kampuni ya dawa, kama vile msichana wa kengele na mwenye kiwanda walivyohesabiwa zamani chini ya neno pamba.

Tunayajua maisha ya wale wasichana kwa sababu waliandika. Kati ya 1840 na 1845 walikuwa na jarida lao, Lowell Offering, lenye hadithi, mashairi na manung'uniko yaliyofunikwa kwa adabu, na wanahistoria wamelila kwa miaka 150. Dada zetu wa Lowell husimuliana mambo yao kwa sauti kwenye simu, wakiwa njiani kwenda zamu ya saa tisa alasiri, na nusu ya sauti hizo hufutwa kabla ya saa tano usiku, zamu inapokwisha. Tumeanza kuwaomba wale wanaokubali watuachie nakala. Hadi sasa tuna saa chache tu za sauti, na katika ya kwanza mama mmoja anamweleza mdogo wake Kisumu namna ya kumpandisha mzee kitandani bila kuumia mgongo.